Yako, yapo, yamo: mafuta ndani ya mwamba wa kale na namna ya kuyasema

Tuanze na sentensi moja fupi: *Mafuta yako chini ya ziwa.* Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sintaksia ataona mara moja kwamba ina maana mbili. Kama *yako* ni kitenzi cha mahali chenye kiambishi *ya-* na mzizi *-ko*, sentensi ni kamili, nayo inatuambia kwamba chini ya ziwa kuna mafuta. Kama *yako* ni kimilikishi, sentensi haijakamilika, na msikilizaji anabaki akisubiri: mafuta yako wewe, yaliyo chini ya ziwa, yamefanya nini? Mkazo hausaidii kutenganisha, kwa sababu maneno yote mawili hutamkwa sawasawa.

Darasani tungecheka tukaendelea na somo. Lakini ukienda Kasenyi au Tchomia, ukamsomea mvuvi sentensi hiyo kutoka kwenye karatasi ya Kiswahili sanifu, hatasikia sarufi. Atasikia kwamba mafuta ni yake. Hapa Bunia, kusema tu kwamba kitu kipo, hatutumii *yako*. Tunasema *mafuta iko*. Kwa hiyo mfasiri aliyefuata sanifu kwa uaminifu atakuwa amemgawia mtu mali ambayo serikali haikukusudia kumgawia, na bila kukosea hata herufi moja.

Katika makala haya nitafuata kisima kimoja cha baharini, mbali na hapa, ili kuonyesha kwamba Kiswahili kina njia nzuri ya kusema hatua za utafutaji wa mafuta, na kwamba tusipoitumia, watu huelewa kingine kabisa. Nimechagua kisima hicho kwa sababu kilianza, kikamalizika, kikazibwa, na vipimo vyake vikatangazwa. Pia kwa sababu jiwe lake ni la ajabu: mwamba wa matumbawe uliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, ukafunikwa, na sasa uko chini sana ya bahari. Tusipolielewa jiwe, maneno yake yatatupotea.

Mwamba wa pwani na mwamba wa kwetu

Neno *mwamba* kwetu ni jiwe kubwa, na watu wengi hapa wanalijua zaidi kama jina la mtu, hasa la ndugu zetu wa Kasai. Kwa watu wa pwani lina maana ya ziada: ni ule ukuta wa mawe ulio mbele ya ufuko ambako mawimbi huvunjika, na ambapo nahodha asiyeupitia mlangoni hupasua chombo. Ukuta huo umejengwa na matumbawe. Tumbawe hutazamwa kama jiwe, na kweli ukilishika ni jiwe, lakini limetengenezwa na wanyama wadogo sana wanaojijengea mifupa ya kalisi kaboneti, yaani chokaa. Mnyama akifa, mfupa wake unabaki, na mwingine anajenga juu yake.

Watu wa pwani wamekaa juu ya jiwe hili siku zote. Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imejengwa kwa mawe ya matumbawe. Nyumba za kale za Lamu na Zanzibar pia, na chokaa iliyoshikanisha kuta zake ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Katika Kiswahili cha pwani, basi, matumbawe ni kiumbe, ni jiwe, ni nyumba na ni chokaa. Bunia tumejenga kwa matofali ya kuchoma, na neno *tumbawe* ukilitamka sokoni hapa hakuna atakayekuuzia kitu.

Jambo moja la kukumbuka kuhusu matumbawe yanayojenga miamba ni kwamba yanahitaji jua. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaowatengenezea chakula kwa mwanga. Kwa sababu hiyo mwamba hujengwa katika maji ya kina kifupi, makumi machache ya mita tu. Sasa, ukiukuta mwamba wa namna hiyo mita elfu moja na zaidi chini ya uso wa bahari, huwezi kusema ulijengwa hapo. Sakafu ya bahari ilishuka. Iliposhuka polepole, wanyama walijenga kuelekea juu, kila kizazi juu ya makaburi ya wazazi wake, ili kubaki kwenye mwanga. Iliposhuka haraka zaidi kuliko walivyoweza kujenga, au matope ya mito yalipowafunika, walikufa. Mwamba ukabaki umesimama gizani, na tope likauzika.

Wanajiolojia wana jina maalumu kwa mwamba uliokua kwenda juu kuliko kwenda pembeni, mwembamba na mrefu. Nimeona tafsiri kadhaa za kubuni zenye maneno kama *kilele* na *mnara*. Mimi ningependekeza *mwamba wa kichuguu*. Kila mtu wa Ituri ameona kichuguu, anajua kimejengwa na wadudu wasiohesabika, kwamba ndani kina matundu, na kwamba kikiachwa kinabaki kimesimama hata wajenzi wakiwa wamekufa. Kwa mfano mmoja umeeleza mambo matatu.

Matundu ndiyo yanayowavuta wenye mafuta. Wengi wetu tunapofikiria mafuta ya ardhini tunaona ziwa jeusi ndani ya pango, na mtu anayechota. Sivyo. Mafuta yamo ndani ya jiwe, katika vinyweleo vyake. Chukua tofali lililochomwa, lizamishe katika ndoo ya maji, litoe: limekuwa zito, maji yameingia, lakini hakuna pango ndani yake. Mwamba wa matumbawe ni tofali zuri mno kwa kazi hiyo. Mifupa ina nafasi kati yake, na ikiwa mwamba uliwahi kutokeza juu ya maji, mvua iliutoboa zaidi, kwa kuwa maji ya mvua huyeyusha chokaa.

Mafuta yenyewe hayatokani na matumbawe. Yanatokana na mabaki ya viumbe vidogo yaliyozikwa katika tope jingine, chini zaidi, yakapikwa na joto la ardhi kwa muda mrefu. Kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hupanda. Hupita katika nyufa na vinyweleo hadi yafike juu na kupotea, isipokuwa yakute jiwe lenye nafasi lililofunikwa na jiwe lisilopitisha kitu, kama udongo wa mfinyanzi uliogandamizwa. Hapo hukwama. Wataalamu wa lugha zote za Ulaya huita hali hii *mtego*, na kwa mara moja tafsiri ya neno kwa neno inatufaa kabisa: mwindaji wa msituni anajua kwamba mtego uliotegwa vizuri unaweza pia kukaa mtupu.

Kisima cha Sunbird

Mwanzoni mwa mwaka 2014 meli ya kutobolea iitwayo Deepsea Metro I ilisimama katika bahari ya kusini mwa Kenya, katika kitalu kinachoitwa L10A. Msimamizi alikuwa BG Group ya Uingereza, pamoja na washirika PTTEP ya Thailand na Pancontinental ya Australia. Kisima kiliitwa Sunbird-1. Maji hapo yana kina cha mita 723. Kilichotafutwa kilikuwa mwamba wa kichuguu wa enzi ya Miosini, iliyoanza kama miaka milioni 23 iliyopita na kwisha kama miaka milioni 5 iliyopita.

Walijuaje kuna mwamba? Kwa mwangwi. Meli huvuta bunduki za hewa zinazopiga kishindo majini, na nyuma yake kamba ndefu zenye vinasa sauti. Kishindo hushuka, hugonga tabaka za mashapo, na sehemu yake hurudi. Kwa kupima muda wa kurudi, kompyuta huchora picha ya tabaka. Mwamba wa kichuguu huonekana kama nundu, na tabaka zilizokuja baadaye zimeinama juu yake kama blanketi juu ya mtu aliyelala. Lakini mwangwi hauonyeshi mafuta. Unaonyesha umbo. Nundu inaweza kuwa mwamba, inaweza kuwa volkano ya zamani. Ikiwa ni mwamba, vinyweleo vyake vinaweza kuwa na mafuta, gesi, au maji ya chumvi tu.

Ili kujua, lazima kutoboa. Meli ya namna hii haifungwi kwa nanga. Rafadha zake huzunguka mchana na usiku zikiongozwa na setilaiti, ili isisogee kutoka juu ya tobo. Bomba refu hushuka hadi sakafu ya bahari, ambako pamewekwa vali nzito za kuzuia mlipuko. Ndani ya bomba hupita vyuma vya kutobolea vyenye meno mwishoni, na ndani ya vyuma hivyo husukumwa tope maalumu. Tope hilo lina kazi tatu: linapoza meno, linapandisha vipande vya jiwe juu, na, kubwa kuliko yote, uzito wake unazuia gesi na mafuta yaliyo chini yasiruke juu kwa nguvu zake. Kila baada ya hatua tobo huvalishwa mabomba ya chuma na kuzungushiwa saruji.

Katika mwamba wa chokaa tope hili lina adui wake. Jiwe likiwa na mapango na nyufa pana, tope huingia humo na kutoweka. Tope likipungua, uzito unapungua, na kile kilichokuwa kimezuiwa kinaweza kupanda. Sifa ileile inayoufanya mwamba uwe mtego mzuri inaufanya uwe wa hatari kutoboa. Kosa la kuzuia kisima lina gharama gani, dunia iliona tarehe 20 Aprili 2010 katika Ghuba ya Meksiko, kwenye chombo cha Deepwater Horizon: watu 11 walikufa na mafuta yakamwagika kwa karibu miezi mitatu. Kisima kile hakikuwa katika matumbawe, ila tope na saruji ni vilevile.

Sunbird-1 ilikutana na kichwa cha mwamba karibu mita 1,580 chini ya uso wa bahari. Hapa mwanafunzi wa lugha asimame kidogo. *Kina cha mita 1,580* kutoka wapi? Ukitoa mita 723 za maji, mwamba umezikwa chini ya kama mita 860 za mashapo. Nimesoma habari za Kiswahili kuhusu visima vingine ambamo vipimo hivi viwili vinabadilishana nafasi ndani ya aya moja, kwa sababu neno *kina* limetumika kwa vyote. Ni rahisi kuepuka: *kina cha maji* kwa maji, na *chini ya sakafu ya bahari* kwa kilichobaki.

Kwanza ilitangazwa gesi. Baadaye, katikati ya mwaka 2014, baada ya sampuli kuchunguzwa, ikatangazwa kwamba chini ya gesi kulikuwa na mafuta: mita 29.6 za gesi, na chini yake mita 14 za mafuta. Ilisemwa kuwa ni mara ya kwanza mafuta kukutwa katika bahari ya pwani ya Kenya. Wakati huohuo ilieleweka kwamba kiasi hicho hakitoshi kwa biashara pale kilipo. Kisima kikazibwa. Mwaka 2016 BG yenyewe ikanunuliwa na Shell.

Ili kupata kipimo cha jambo, tazama Misri. Mwaka 2015 kampuni ya Eni ilitoboa kisima cha Zohr katika bahari ya Mediterania, kwenye kina cha maji cha mita 1,450, na chini yake ikakuta jengo la kale la mawe ya kaboneti lenye gesi yenye kimo cha zaidi ya mita 600. Gesi ilianza kutoka mwishoni mwa mwaka 2017. Aina ya mtego ni ileile kwa jumla, mwangwi ulionyesha nundu kote kuwili, na kote kuwili magazeti yaliandika neno lilelile: *ugunduzi*.

Wamepata nini?

Kitenzi kilichotumika sana katika habari za aina hii ni *pata*. *Wamepata mafuta.* Kamusi itakupa maana nyingi: kukuta, kumiliki, kufaulu, kupokea. *Nimepata kazi* maana yake sina tena shida ya kazi. *Amepata mtoto* maana yake mtoto yupo nyumbani, ananyonya. Msikilizaji anayesikia *Kenya imepata mafuta* ana haki kamili ya kuelewa kwamba mafuta yameingia mkononi. Wakati uliotimilifu *-me-* unaongeza nguvu hiyo, kwa kuwa unaeleza tendo ambalo matokeo yake bado yapo sasa.

Nayo *mafuta* ni neno la ngeli ya 6 lisilo na umoja. Tone la mafuta ni mafuta, na meli nzima ya mafuta ni mafuta. Sarufi haikulazimishi kutaja kiasi. Hapa kwetu mzigo unaongezeka, kwa sababu mafuta ya kwanza katika akili ya mtu wa Bunia ni mawese. Ya gari ni esansi na mazuti, na petroli ni ile ya taa. Ukisema *mafuta ya ardhini* umeeleza zaidi, na ningeomba tulishike neno hilo kila mara tunapoandika.

Sasa turudi kwenye viambishi vya mahali. Vitabu vya sarufi hutufundisha kwamba *-po* ni mahali mahususi, panapojulikana. *-Ko* ni mahali pasipo dhahiri, eneo tu. *-Mo* ni ndani. Tumezikariri kwa ajili ya mtihani, na wengi wetu tukazisahau, maana katika mazungumzo ya Bunia *iko* inabeba kazi zote. Lakini zitazame karibu na kisima. Kabla ya kutoboa, mwangwi ukiwa umeonyesha nundu tu, mwanajiolojia mwaminifu anaweza kusema kwa tahadhari: *huenda mafuta yako*, huko, mahali fulani katika eneo hili. Baada ya kutoboa na kupima anasema *yapo*, hapa, kwenye kina hiki, mita 14. Akieleza jiwe anasema *yamo*, ndani ya vinyweleo, si katika ziwa wala pango. Silabi tatu zinabeba tofauti ambazo wataalamu wenyewe wanahitaji istilahi nzito kuzieleza.

Tofauti ya nne haimo katika viambishi hivi, inabidi tuitafute katika kitenzi. Ni tofauti kati ya *yamo* na *yatatoka*. Tofali lililolowa ukilikamua halitoi maji yote. Uganda ni mfano ulio karibu nasi kuliko wote: inakadiriwa kwamba katika miamba ya upande wake wa Ziwa Albert yamo mapipa bilioni 6.5, na yanayoweza kutolewa ni kama bilioni 1.4. Mtu akitafsiri takwimu ya kwanza kwa *Uganda imepata mapipa bilioni 6.5*, amezidisha zaidi ya mara nne kile ambacho nchi inatarajia kukiona. Na *yatatoka* nayo haina tarehe. Mafuta ya Uganda yalikutwa mwaka 2006. Mwaka 2025 ulipoanza, pipa la kwanza la biashara lilikuwa bado halijatoka, na bomba la kilomita 1,443 la kwenda Chongoleani karibu na Tanga lilikuwa bado linajengwa.

Upande wetu wa ziwa

Niseme wazi kwamba chini ya Ziwa Albert hakuna mwamba wa matumbawe. Matumbawe yanayojenga miamba hayaishi katika maji baridi yasiyo na chumvi. Mafuta ya bonde letu yamo katika mchanga uliogandamana, ulioletwa na mito ya kale na maziwa yaliyotangulia hili. Nalo ziwa halina kina kikubwa, hata mita 60 hazifiki. Kinachofanana na Sunbird ni mpangilio wa hatua, na maneno.

Ni maneno gani yameshapita hapa? Mwezi Agosti 2007 risasi zilipigwa ziwani, mfanyakazi wa Uingereza wa mkandarasi wa kampuni ya Heritage akauawa, na ugomvi wa mpaka na wa kisiwa cha Rukwanzi ukapamba moto. Septemba mwaka huo marais Kabila na Museveni walitia saini mapatano ya Ngurdoto, Tanzania. Mwaka 2010 vitalu vya 1 na 2 vya upande wa Kongo vilipewa kampuni mbili, Caprikat na Foxwhelp. Mwaka 2014 kampuni iliyoviendesha, Oil of DRCongo, ilitangaza makadirio ya mapipa kama bilioni 3 katika vitalu hivyo. Tangazo hilo lilitokana na uchunguzi wa mwangwi. Kampuni haikuwa imetoboa kisima hata kimoja.

Tumia sasa kipimo chetu. Bilioni 3 za mwaka 2014 ni za ngazi gani? Si za *yatatoka*. Si za *yapo*, maana hakuna tobo lililothibitisha. Ni za *huenda yako*, na kwa Kiswahili cha hapa: *pengine iko, lakini hawajatoboa*. Katika mazungumzo ya mjini sentensi hiyo haikusikika hivyo. Ilisikika *tuko na mafuta bilioni tatu*, na kutoka hapo hadi *nani anakula mafuta yetu?* ni hatua moja. Katika mkoa ambao watu wamefukuzana kwa sababu ya ardhi, sidhani kwamba tofauti kati ya silabi mbili ni anasa ya wanaisimu.

Kuna pia *chimba*. Magazeti ya Afrika Mashariki huandika *uchimbaji wa mafuta* kwa kila hatua, kuanzia kisima cha kwanza hadi pipa la mwisho. Katika Ituri, *kuchimba* ni dhahabu: ni Kilo na Mongbwalu, ni shimo ambalo kijana anaingia kwa miguu yake akatoka na mfuko wa mchanga, na kijana mwingine anaweza kuchimba kando yake. Ukisema *kampuni itachimba mafuta*, kijana anauliza swali la haki kabisa: na sisi tutachimba wapi? Kitenzi *toboa* kinaondoa picha hiyo. Anayetoboa hafanyi zaidi ya kupitisha tundu; kama kitu kitatoka ni habari nyingine. Kwa maji tumeshapokea neno *foraji*, nalo linaeleweka hadi vijijini: mashine, bomba, na uwezekano wa kukosa. Kwa kisima cha kwanza cha kutafuta mafuta ningetumia *foraji ya kutafutia* nikiwa naongea, na *kisima cha kutafutia* nikiwa naandika. Kiambishi cha kutendea *-i-* hapo kinafanya kazi: kisima si cha mafuta, ni chombo cha kutafuta mafuta. *Kisima cha mafuta* tukiache kwa siku ambayo mafuta yanatoka.

Istilahi nyingine mbili zinasumbua. Wahandisi huita mita zile 14 *nguzo* ya mafuta, wakifuata lugha zao. Kwa Kiswahili nguzo ni kitu kigumu kinachobeba kingine, na hapa hakuna kinachobebwa, *kimo* kinatosha. Na kisima kilichomalizika husemwa *kimezibwa na kuachwa*. *Kuziba* ni sawa, kwa sababu plagi za saruji humwagwa ndani. *Kuachwa* kunanipa shaka. Aliyeachwa kwetu ni mke aliyerudishwa kwao, au mtoto aliyetelekezwa, na mtu wa ufukweni atauliza ni nani sasa anayekitazama. *Kimezibwa na kufungwa* kunasema kilichotendeka bila kuleta talaka.

Kuhusu majina ya visima nitapita haraka, ingawa ni raha tupu. Katika bahari ya kusini mwa Tanzania visima vya gesi vya kina kirefu vilipewa majina ya sokoni: Pweza, Chewa, Jodari na Mzia kwa upande mmoja, Zafarani, Tangawizi na Mdalasini kwa upande mwingine. Turkana kuna Ngamia na Twiga. Kenya baharini kuna Mbawa, cha mwaka 2012. Sunbird wakaiacha kwa Kiingereza, na ni bahati mbaya, kwa sababu ndege huyo mdogo mwenye mdomo uliopinda ana jina la Kiswahili: ni *chozi*. Chozi-1 lingekuwa jina zuri kwa kisima kilichotoa kidogo tu.

Limebaki neno moja ambalo sijalipatia dawa. Kisima ambacho hakikukuta mafuta huitwa, katika lugha karibu zote za kazi hii, *kikavu*. Imperial Oil ya Kanada inasimuliwa kuwa ilitoboa visima vikavu 133 kabla ya kukuta mafuta katika mwamba wa kale wa Leduc, Alberta, Februari 1947. Lakini vinyweleo vya jiwe chini huko havibaki vitupu. Pasipo mafuta wala gesi pana maji, mara nyingi ya chumvi. Mwambie mama wa Mudzipela mwenye bidoni mkononi kwamba kisima ni kikavu, kisha umweleze kwamba kimejaa maji. *Kisima kitupu* hakisaidii, kwa sababu hiyohiyo. *Kisima cha maji* ni kibaya zaidi. Wenzangu wa semantiki wakipata neno, walilete kwenye toleo lijalo.